Jaisalmer kwa siku mbili: ngome, mahekalu na saa za kuyaona

Safari yangu ya kwanza Jaisalmer niliiharibu kwa kuchelewa kuamka. Nilipanda ngomeni saa tano asubuhi, nikapiga picha, nikanywa lassi, kinywaji cha mtindi, kivulini, na nilipofika kwenye mahekalu ilikuwa saa sita imeshapita. Mzee wa mlangoni akanionyesha kibao kwa kidole: muda wa wageni umekwisha, njoo kesho. Na kesho yake nilikuwa na treni. Ilinichukua miaka miwili kurudi, na safari hiyo nilipanga kila kitu kufuata jua na saa za milango. Mpango huo ndio ninaoutoa hapa. Nawafikiria hasa wenzetu walioko India kimasomo, au waliompeleka ndugu kutibiwa Delhi au Ahmedabad na sasa wana siku chache za kupumua kabla ya kurudi nyumbani. Lakini anayetoka Dar, Nairobi au Mombasa moja kwa moja naye utamfaa.

Kwanza ujue unakwenda wapi. Jaisalmer uko magharibi kabisa mwa jimbo la Rajasthan, ndani ya jangwa la Thar, karibu na mpaka wa Pakistan. Rawal Jaisal, mtawala wa ukoo wa Bhati, aliuanzisha mwaka 1156 baada ya kuuacha mji wao wa zamani wa Lodurva. Misafara ya ngamia iliyokwenda Uajemi na Asia ya Kati ilipita hapa, ikanywa maji, ikalipa ushuru, na fedha hiyo ndiyo iliyogeuka kuwa nakshi unazokwenda kuzitazama. Ngome imekaa juu ya kilima cha Trikuta, kama mita 76 kutoka chini, na ukuta wake una buruji 99. Mwaka 2013 UNESCO iliiingiza katika urithi wa dunia pamoja na ngome nyingine tano za vilimani za Rajasthan.

Ila tofauti yake kubwa na ngome ulizozizoea ni hii: watu wanaishi ndani. Ukienda Fort Jesus kule Mombasa unakata tiketi, unazunguka, na jioni mlango unafungwa. Hapa langoni hakuna tiketi. Ndani kuna maelfu ya watu, maduka, shule, ng'ombe wanaolala katikati ya njia, na kina mama wanaoanika nguo juu ya kuta za karne nyingi. Tiketi utazikata kwenye jumba la mfalme na kwenye mahekalu. Kwingine kote uko mtaani kwa watu, na heshima unayoiweka mtaani kwa watu ndiyo hiyo hiyo.

Kabla ya safari

Nenda kati ya Novemba na Februari. Machi bado inavumilika. Kuanzia Aprili joto linapanda, na Mei na Juni linapita nyuzi 45. Usijidanganye kwamba umekulia Dodoma au Garissa ukadhani utalizoea. Desemba na Januari asubuhi ni baridi kweli, chini ya nyuzi 10, kwa hiyo beba sweta na kofia. Februari kuna tamasha la jangwani linaloangukia siku za kuelekea mwezi mpevu. Ni zuri kwa ngoma na mashindano ya vilemba, lakini vyumba hujaa na bei hupanda.

Viza ya mtandaoni ya India wenye pasipoti za Tanzania na Kenya wanaweza kuiomba. Beba kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, maana India ni wakali sana kwa wanaotoka nchi zetu, na asiyekuwa nayo anaweza kuwekwa karantini. Kila nyumba ya wageni itataka kunakili pasipoti na viza yako, kwa hiyo tembea na nakala kadhaa. Kama unasoma India, usiache kitambulisho cha chuo, kwa sababu sehemu nyingi kiingilio cha mwanafunzi ni nafuu.

Kufika, njia ninayoipenda ni treni. Kutoka Delhi ni kama saa 18. Kutoka Jodhpur ni mwendo wa kilomita 280 hivi, na ukipata treni ya usiku unalala Jodhpur unaamkia Jaisalmer. Ukichukua behewa la kulala lisilo na kiyoyozi, jifunike uso kwa kanga au skafu, kwa kuwa mchanga huingia dirishani usiku kucha na asubuhi unajikuta umepaukia vumbi hadi kwenye kope. Tiketi zikate mapema, maana siku za likizo za Wahindi orodha ya kusubiri huwa ndefu. Na Januari ukungu wa kaskazini huchelewesha treni za Delhi kwa saa nyingi, hivyo usipange ndege ya kurudi nyumbani siku ile ile unayofika Delhi.

Ukiweza, tenga siku moja Jodhpur uione Mehrangarh, ngome iliyoanzwa na Rao Jodha mwaka 1459. Hiyo ni makumbusho iliyopangwa vizuri, na ukianza nayo utaelewa zaidi kwa nini Jaisalmer ni kitu kingine.

Lala chini, si ngomeni

Hapa nina msimamo, na nitausema wazi. Ndani ya ngome kuna nyumba nyingi za wageni zenye madirisha yanayotazama jangwa, na wenyeji wake ni wakarimu. Hata hivyo, nakushauri ulale mjini, chini ya kilima.

Sababu ni maji. Kilima kile ni mwamba laini, na ndani yake kuna udongo unaolainika ukilowa. Walioijenga ngome walichota maji kwa mitungi kutoka ziwani, wakayatumia kwa kipimo, na machache yaliyomwagika yalikauka kwa jua. Yalipokuja mabomba, kisha vyoo vya kuvuta maji na mabafu ya wageni, maji yakaanza kuvuja kwenye mitaro ya kale na kuingia kwenye msingi. Baadhi ya kuta na buruji zimewahi kuporomoka. Shirika la World Monuments Fund liliiweka ngome hii kwenye orodha yake ya majengo yaliyo hatarini mwaka 1996, 1998 na 2000. Mgeni mmoja anayeoga mara mbili kwa siku anamwaga maji mengi kuliko familia ya zamani nzima. Kula ngomeni, nunua ngomeni, lipa waongozaji wa ngomeni, ili fedha iwafikie wakazi. Kuoga, oga chini.

Ukishuka stesheni utazingirwa na madereva wa bajaji. Wapo watakaokwambia hoteli yako imejaa au imefungwa. Piga simu mwenyewe uhakikishe. Chumba cha bei ya kutupa mara nyingi kimefungwa na sharti la kununua safari ya ngamia kwa mwenye chumba, kwa hiyo uliza kabla ya kuweka begi chini.

Siku ya kwanza, saa moja asubuhi: anzia ziwani

Kila mtu atakuelekeza ngomeni. Wewe anzia Gadisar, ziwa lililochimbwa kwa mikono kusini mashariki mwa mji, dakika 20 kwa miguu kutoka chini ya ngome. Rawal Gadsi ndiye anayetajwa kulichimbua upya mwaka 1367, na mji uliyategemea maji yake hadi mwaka 1965. Mvua ya hapa ni kidogo, kiasi cha milimita 200 tu kwa mwaka, kwa hiyo kila mteremko wa jirani ulilindwa ili tone la mvua literemkie humu. Ukiliona ziwa kwanza, ngome utaitazama kwa jicho jingine.

Usiende saa kumi na mbili alfajiri, utasimama gizani. India nzima ina ukanda mmoja tu wa saa, na Jaisalmer uko magharibi mno, kwa hiyo wakati wa baridi jua huchomoza baada ya saa moja na robo. Kaa kwenye ngazi za mawe. Vibanda vya mawe vyenye kuba vimesimama katikati ya maji, na karibu na ngazi kuna kambale wakubwa wanaosukumana midomo wazi wakisubiri mkate wa watu.

Lango unalopita kuingia linaitwa Tilon ki Pol. Wenyeji husimulia kwamba lilijengwa na Tilon, mwanamke aliyeishi kwa kuburudisha wakubwa. Mtawala alikuwa safarini; watu wa kasri wakasema haiwezekani mfalme na wake zake wapite chini ya lango la mwanamke wa aina hiyo, na wakataka livunjwe. Yeye akawahi kuweka hekalu la Krishna, mungu wa Wahindu, juu yake, na hekalu halivunjwi. Lango limesimama hadi leo.

Saa mbili na nusu: malango manne

Kunywa chai njiani, kisha ingia ngomeni. Njia ni moja tu kwa magari na miguu, nayo inapita malango manne: Akhai Pol, Suraj Pol, Ganesh Pol na Hawa Pol. Usiharakishe hapa. Tazama jinsi njia inavyopanda na kukata kona kali kati ya lango na lango. Tembo au farasi wa adui asingeweza kupata mwendo wa kugonga mlango, na aliyekwama konani aliangushiwa mawe kutoka juu. Mawe yenyewe bado yapo: inua macho ukingoni mwa ukuta utaona mawe ya mviringo yamepangwa, makubwa kuliko mtungi, yakisubiri vita ambavyo havikurudi.

Weka kiganja ukutani penye kivuli. Sehemu kubwa ya mawe haya imepangwa bila chokaa, jiwe limechongwa likakaa juu ya mwenzake, na kwenye maungio mengine ukucha haupiti. Asubuhi rangi yake ni ya asali nyepesi. Hilo ndilo jiwe la mchanga la manjano lililoipa ngome jina la ngome ya dhahabu.

Lango la mwisho, Hawa Pol, maana yake ni lango la upepo. Lina vibaraza vya mawe pande zote mbili, na utawakuta wazee wamekaa. Kaa nao dakika tano. Hata mchana wa joto upepo hupita pale, na anayetoka Lamu au Mji Mkongwe atajua mara moja kwa nini vibaraza viko mahali hapo.

Ukitoka Hawa Pol uko uwanjani, Dussehra Chowk, na jumba la mfalme liko mbele yako. Liache kwanza. Nenda kwenye mahekalu.

Saa tatu na nusu: mahekalu ya Wajaini

Hapa ndipo pa kuweka muda wako mwingi, kwa hiyo nami nitakawia.

Mahekalu ni saba, yamejengwa kati ya karne ya 12 na ya 16, na mengi yameunganishwa kwa vijia na ngazi, kiasi kwamba unaweza kutoka moja ukaingia jingine bila kujua. Wafanyabiashara Wajaini, waumini wa Ujaini, dini ya kale ya India, ndio waliokuwa mabenki ya misafara, na hapa ndipo walipoweka sadaka zao. Wageni wasio Wajaini huruhusiwa asubuhi, na kufikia adhuhuri milango mingi hufungwa kwao. Si yote yanayofunguliwa kwa wakati mmoja, baadhi hufunguliwa baadaye, hivyo panga muda wa saa mbili nzima na uwe mvumilivu.

Masharti ya kuingia yafuate yote bila ubishi:

Ngozi haiingii: viatu, mkanda, pochi ya ngozi, hata kamba ya saa. Wajaini hawadhuru kiumbe, na ngozi ni mwili wa mnyama. Njoo na mkanda wa kitambaa na kipochi cha plastiki, usihangaike mlangoni. Chakula na maji viache nje. Mabega na magoti yafunikwe. Kanga au kikoi kimoja begani kinatosha kwa mke na mume. Soksi zinaruhusiwa, na Januari utashukuru, maana sakafu ni baridi kama barafu. Picha hulipiwa, na sanamu kuu kwenye chumba cha ndani haipigwi wala haiguswi. Usisimame ukaipa mgongo ili ujipige picha nayo. Pia kibao mlangoni huwaomba wanawake walio kwenye hedhi wasiingie. Nakitaja ili kisikushtue ukiwa umeshavua viatu.

Waliowahi kuingia hekalu la Wajaini la Mombasa, lile la marumaru nyeupe lililojengwa mwaka 1963, watakuta desturi hizo hizo.

Hekalu la kwanza utakalolifikia kwa kawaida ni la Chandraprabhu, la mwaka 1509. Ingia, kisha simama katikati chini ya kuba, usipige picha bado. Inua kichwa. Kati ya nguzo na dari kuna wanawake wa jiwe wanaocheza, kila mmoja amepinda kiuno kwa namna yake. Mmoja ana njuga mguuni, na kila njuga ni tufe lililochongwa peke yake. Ukisogea hatua mbili kivuli kinabadilika na magoti yao yanaonekana kusogea. Nilikaa chini ya mmoja wao mpaka shingo ikauma.

Sanamu zilizokaa zinafanana sana, na mgeni huchoka akidhani anaona mtu mmoja mara mia. Kuna namna rahisi ya kuzitofautisha. Wajaini wana waalimu wakuu 24, waitwao Tirthankara, na kila mmoja ana alama yake, mara nyingi imechongwa chini ya kiti. Mwezi mwandamo ni Chandraprabhu. Fahali ni Rishabha, wa kwanza wao. Farasi ni Sambhavnath, paa ni Shantinath, mbuzi ni Kunthunath. Parshvanath hata alama huhitaji kuitafuta: nyoka mwenye vichwa vingi amemfunika kichwani kama mwavuli. Ukiwa na orodha hii mfukoni, saa mbili zinapita kama dakika kumi. Alama ya msalaba uliokunjwa ncha utakayoiona sakafuni na milangoni ni ya baraka, ya kale sana katika dini za India. Usiisome kwa historia ya Ulaya.

Kwenye hekalu la Parshvanath tazama lango la upinde lililo mbele, lililochongwa mpaka juu kabisa alipokaa mwalimu mwenyewe. Kwenye ua wa Sambhavnath huenda ukawakuta watumishi wa hekalu wakisaga msandali kwa maji. Harufu ile ni ya liwa, na mtu wa pwani itamrudisha nyumbani kwa bibi. Wanaupaka kwenye sanamu wakati wa ibada, na wanaofanya hivyo hujifunga kitambaa mdomoni na puani ili pumzi yao isiiguse. Wape nafasi, usipite mbele yao.

Chini ya Sambhavnath kuna maktaba ya Gyan Bhandar, yenye hati za kale zilizoandikwa juu ya majani ya miti ya jamii ya mitende, baadhi za karne ya 11. Hewa kavu ya jangwa ndiyo iliyozihifadhi. Zinazoonyeshwa ni chache na nyuma ya kioo, lakini ukibahatika pakiwa wazi, shuka. Ngazi ni finyu, mrefu ainame.

Nje ya haya, hatua chache tu, kuna hekalu la Kihindu la Laxminath, la mwaka 1494. Ni dogo na halina nakshi nyingi, lakini ndilo la watu wa mtaani. Pita wakati wa kengele za asubuhi au jioni, usimame pembeni, uone mji unavyosali.

Mchana: jumba la mfalme, chakula, kivuli

Sasa rudi Dussehra Chowk. Jumba lina vyumba vingi, ngazi finyu na kifaa cha kusikilizia maelezo. Mimi huwa sikawii humo. Napanda moja kwa moja hadi paa la juu kutazama jangwa. Ukiwa juu utaona jinsi mahekalu, nyumba na kuta vilivyobanana ndani ya ngome isiyozidi nusu kilomita kwa urefu.

Kabla ya kushuka, uliza mwongozaji akueleze kuhusu mazingiwa makubwa, likiwemo lile la majeshi ya Alauddin Khalji, sultani wa Delhi, lililodumu miaka. Chakula kilipokwisha, wanaume walitoka kufa vitani na wanawake wakaingia motoni. Wenyeji huhesabu majanga hayo kuwa mawili na nusu, na hulisimulia hilo kwa sauti ya chini. Sikiliza kwa adabu hiyo hiyo.

Chakula: omba ker sangri, maganda ya mti wa jangwani na matunda madogo makali, yaliyokaushwa kisha yakapikwa kwa mafuta na viungo. Watu walikula hivyo miaka ya ukame, na leo hakuna harusi inayokosa. Hoteli nyingi hazipiki nyama, hivyo asiyekula isiyo halali hana wasiwasi. Kitu kimoja tu: karibu na lango la ngome kuna duka linalouza bhang kwa kibali cha serikali, na bhang ni bangi ndani ya lassi na biskuti. Ukiagiza lassi popote, sema wazi kwamba unataka ya kawaida.

Utakodolewa macho, na vijana wataomba kupiga picha nawe. Mara nyingi ni udadisi tu. Ukichoka, weka mkono kifuani, tikisa kichwa, endelea na safari. Nawe ukitaka picha ya mtu mlangoni kwake, omba kwanza. Beba noti ndogo za rupia 10, 20 na 50. Wenyeji hulipana kwa simu, lakini mifumo hiyo mara nyingi haimkubali mgeni, na chenji ya noti kubwa huwa haipatikani.

Saa tisa alasiri: haveli za matajiri

Shuka mjini. Haveli ni jumba la tajiri, na vichochoro vyake vina kivuli wakati huu. Patwon ki Haveli ni nyumba tano zilizojengwa na familia moja ya wafanyabiashara kuanzia mwaka 1805. Uso wake wote ni madirisha ya kimia cha jiwe, membamba hadi unashangaa upepo hauyavunji. Ingia moja tu, inatosha.

Mimi napenda zaidi Nathmal ki Haveli, ya mwaka 1885. Ndugu wawili, Hathi na Lalu, waligawana kazi, mmoja upande wa kulia na mwingine wa kushoto. Tembo wawili wa jiwe wanalinda mlango. Simama katikati ya barabara, chagua dirisha la kulia, kisha tafuta pacha lake kushoto. Utadhani ni lile lile, mpaka uone ua moja limegeuka, au ukingo umeongezwa mstari. Katika mji huu kazi ya mawe ilikuwa mikononi mwa Silawat, mafundi Waislamu, wakiwajengea matajiri Wajaini na Wahindu. Mzanzibari anayejua milango ya Kigujarati ya Mji Mkongwe atasimama hapa muda mrefu.

Fedha zilizojenga haya zilikauka bandari ya Bombay ilipokua na mizigo kuhamia baharini, na mwaka 1947 mpaka wa Pakistan ukaikata njia ya misafara kabisa.

Saa kumi na moja panda Vyas Chhatri, makaburi ya kumbukumbu yaliyo ukingoni mwa mji, magharibi ya ngome. Dakika 20 kabla ya jua kuzama, ngome nzima inabadilika kutoka manjano kuwa rangi ya shaba. Pengine utamkuta mpiga kamaicha, ala ya nyuzi ya Wamanganiyar, Waislamu ambao kwa vizazi wameimba harusi na matanga ya Wahindu. Mpe chochote.

Siku ya pili: nje ya mji

Kodi bajaji au gari la nusu siku na mpatane bei ya mzunguko mzima kabla ya kupanda: Amar Sagar, Lodurva, Bada Bagh. Drone iache nyumbani, huku ni eneo la jeshi. Ukitaka kwenda matuta ya mchanga ya Sam, kilomita 40, hakuna tatizo, lakini kuelekea mpakani zaidi ya hapo uliza kibali kwanza.

Amar Sagar iko njiani. Simama nusu saa kwenye hekalu lililo kando ya bwawa, ambalo mara nyingi utalikuta limekauka. Kisha Lodurva, kilomita 15 hivi kutoka mjini, mji ule ambao Jaisal aliuacha. Mji umeliwa na mchanga; limebaki hekalu la Parshvanath, lililojengwa upya karne ya 17. Mbele yake kuna upinde wa jiwe uliosimama peke yake, nguzo mbili na taji, umechongwa kama mtu aliyekuwa na siku zote duniani. Watu ni wachache huku. Utasikia njiwa na ufagio wa mfagiaji.

Bada Bagh iache iwe ya mwisho, saa kumi alasiri. Ni safu za vibanda vya mawe juu ya kilima, kumbukumbu za watawala wa Jaisalmer, kila kimoja na bamba lenye mpanda farasi na wake zake wamesimama kando. Hesabu wanawake kwenye bamba. Ni wale waliochomwa naye. Nyuma ya vibanda zinazunguka mashine za umeme wa upepo, nyeupe, nyingi mno. Mwambie dereva akusubiri mpaka jua liguse ardhi, kisha mrudi moja kwa moja stesheni: ni kilomita sita tu, na kama treni yako ni ya usiku bado utapata muda wa kula na kununua maji ya njiani.